Bima Ndogo na Mwezi wa Januari

Mwezi Januari mwaka 2016 nilikata bima ya gari kwa mtu aliyekuwa akifanyia shughuli zake chini ya mwembe, hatua chache kutoka kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba za Ngamiani, hapa Tanga. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla ya zamani ambayo marehemu baba aliinunua kwa mafao yake ya kustaafu, zaidi kwa ajili ya kumpeleka mama kliniki kuliko kwa starehe ya mtu yeyote. Bima ndogo, yaani ile ya kumkinga mtu wa tatu ambayo kila mwenye gari analazimika kuwa nayo, ilinigharimu shilingi 118,000: laki moja ya ada na 18,000 za kodi ya ongezeko la thamani. Nilikuwa nimekwenda kwanza kwenye ofisi ya wakala, nikaelezwa kwa adabu kwamba fedha yote hulipwa kwanza ndipo stika itoke. Mtu wa chini ya mwembe alikubali kupokea 60,000 siku ile na 58,000 mwisho wa mwezi.

Huenda msomaji akauliza ilikuwaje mwalimu mwenye ajira ashindwe kutoa kiasi hicho kwa mkupuo. Ada ya sekondari za serikali ilikuwa ndiyo kwanza imeondolewa, nasi wazazi tulishukuru, lakini sare, viatu, madaftari na nauli ya mtoto aliyepangiwa shule ya mbali havikuondolewa. Nilikuwa na watoto watatu wanaosoma, kodi ya nyumba ya miezi sita ilikuwa inadaiwa, na mama alikuwa kwenye dawa. Bima ya gari letu iliisha tarehe 14 Januari kwa sababu tu baba alilinunua katika tarehe kama hiyo. Ingeisha Julai, pengine nisingekuwa na habari ya kuandika.

Stika niliyopewa ilikuwa na jina la kampuni inayojulikana, ina muhuri, ina namba. Niliibandika kwenye kioo cha mbele, na mwisho wa mwezi nikampelekea yule bwana fedha iliyobaki, tukashukuriana. Kwa muda wa miezi saba askari wa usalama barabarani walinisimamisha mara kadhaa, wakaitazama, wakaniruhusu kupita.

Jioni moja ya mwezi Agosti nilikuwa natoka Pongwe kurudi mjini. Tanga ni mji wa baiskeli, na yeyote aliyezaliwa hapa anajua kwamba saa kumi na mbili jioni ukingo wa barabara ni mali ya watu wanaotoka vibaruani. Nililipita lori lililokuwa limesimama, nikarudi upande wangu mapema kuliko ilivyofaa, na kioo cha pembeni kikamgonga mzee mmoja aliyekuwa kwenye baiskeli, amebeba tenga la machungwa. Kosa lilikuwa langu, nami sijawahi kusema vinginevyo. Mguu wake ulivunjika chini ya goti. Nilipomwinamia alinishika mkono wa shati akaniambia, “Mwanangu, usikimbie.” Nikamjibu, “Sikimbii, babu. Nipo hapa hapa.” Tukamwingiza garini, tukapita polisi kuchukua fomu ya PF3, tukaelekea Hospitali ya Bombo.

Njia nzima nilijituliza kwa wazo moja, kwamba bima ninayo. Siku ya tatu nikafika kwenye kampuni ambayo jina lake lilikuwa kwenye kioo changu, nikiwa na nakala za karatasi za polisi mkononi. Binti aliyenihudumia alitafuta namba ya stika kwenye kompyuta yake, akatafuta tena, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba namba hiyo ni ya lori lililosajiliwa mkoa mwingine. Nilikwenda Ngamiani siku ileile. Chini ya mwembe palikuwa na mama anauza vitumbua, naye alisema yule bwana hajaonekana tangu mwezi wa Ramadhani.

Matibabu, baiskeli mpya, na miezi ambayo yule mzee hakuweza kwenda shambani vilinigharimu jumla ya shilingi 1,340,000. Sikuwa nazo. Nilikwenda nyumbani kwake nikiwa na mjomba wangu kama msemaji, nikamweleza kila kitu, na baada ya kunisikiliza na kushauriana na mkewe alikubali nimlipe kidogo kidogo. Nilimlipa kwa miezi kumi na minne. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mtu aliyevunjwa mguu, asiyejua kesho atakula nini, aliweza kunipokea kwa awamu, wakati utaratibu uliowekwa kwa ajili ya kumlinda yeye haukuweza.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Sheria ya bima ya lazima haina ubaya, na kuna madereva wenzangu wanaokosea wanapoitaja kana kwamba ni mradi wa serikali wa kukusanya fedha. Uingereza ilianza kuwalazimisha wenye magari kukata bima ya mtu wa tatu kwa sheria ya mwaka 1930, baada ya kuonekana kwamba magari yanaua na kulemaza watu huku wenye magari wakiwa hawana cha kulipa. Waliotutawala wakauleta mpango huohuo Tanganyika, na hadi leo tunao katika Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Mtu wa tatu anayezungumziwa humo ni yule mzee wa baiskeli, ni mtoto anayevuka barabara pale Kange, ni mama aliyejipakia nyuma ya bodaboda ya mtu mwingine. Kumwondolea dereva wajibu wa bima ni kumnyang’anya mtu huyo kinga pekee aliyo nayo. Ninachokilalamikia ni namna tunavyodaiwa bima hiyo.

Tunadaiwa mwaka mzima kwa siku moja, na kwa mujibu wa sheria ya bima ya mwaka 2009 kinga haianzi mpaka ada iwe imelipwa. Sababu yake inaeleweka. Zamani kampuni na mawakala walikuwa wakitoa bima kwa mkopo, fedha zikawa hazifiki, na siku ya fidia sanduku likawa tupu. Hata viwango vya chini vya ada, ambavyo hupangwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, vina lengo la kuzuia kampuni kushindana kwa kushusha bei hadi zishindwe kulipa wanaozidai. Haya yote ni mema. Lakini sharti moja linapowekwa kwa watu wote, halimwelemei kila mtu kwa uzito ule ule, na kanuni iliyotungwa ili kampuni isifilisike ndiyo iliyonipeleka mimi chini ya mwembe.

Siku hizi natunza daftari la kikundi cha madereva wa bajaji wa Makorora, kwa sababu mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu na wote wananiita Mwalimu. Wengi wao wako kwenye mkataba: tajiri ananunua bajaji, dereva anampelekea hesabu kila siku kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na akimaliza chombo kinakuwa chake. Katika muda wote huo mafuta ni ya dereva, matengenezo ni ya dereva, faini ni ya dereva, na katika mikataba mingi niliyoisoma bima nayo ni ya dereva, ingawa kadi ya bajaji ina jina la tajiri. Kijana anayebaki na shilingi elfu saba au nane baada ya hesabu na mafuta anatakiwa siku moja katika mwaka atoe kiasi kinachozidi faida yake ya wiki mbili, na atoe kabla hajaruhusiwa kutembeza chombo siku inayofuata.

Anafanya nini? Baadhi hukopa. Huku mitaani kuna mikopo tunayoiita kausha damu, na jina hilo halikutungwa bure. Kijana mmoja wa kikundi chetu alichukua laki moja kwa ajili ya bima, akaweka simu na kitambulisho chake rehani, akatakiwa kurudisha laki moja na thelathini elfu ndani ya siku thelathini. Alirudisha, lakini kwa kuchelewa wiki mbili, na kwa hiyo kwa nyongeza. Kwa maana hiyo kinga ambayo tajiri anainunua kwa bei iliyotangazwa, yeye aliinunua kwa bei iliyozidi kwa theluthi moja au zaidi, na hakuna kampuni wala ofisi ya serikali iliyopata hata senti ya ziada hiyo.

Wengine hukaa bila bima na kujaribu kupita njia ambazo askari hawakai. Hadi mwaka 2021 faini ya dereva wa bajaji aliyekamatwa ilikuwa shilingi 30,000. Aliyekamatwa mara tatu kwa mwaka alikuwa ametoa 90,000, kiasi kinachokaribia ada niliyolipa mimi kwa Corolla, na bado siku akimgonga mtu wa baiskeli hakukuwa na kampuni ya kusimama nyuma yake. Fedha imetoka mfukoni mwa maskini, ila haikumfikia aliyekusudiwa. Hapa ndipo ninapoamini kwamba wanaosema “mwenye gari hakosi fedha ya bima” hawajawahi kushika daftari la watu wa aina hii.

Kuna upande wa pili wa dhuluma hii ambao hauzungumzwi sana, nao ni kwamba ada ya bima ndogo haiulizi gari linatembea kiasi gani. Corolla yetu ilikuwa ikitumia lita tano za petroli kwa wiki, na wiki nyingine haikuwashwa kabisa. Kwa mwaka ni lita 260. Ukigawanya 118,000 kwa lita hizo, nilikuwa nalipia bima karibu shilingi 454 kwa kila lita niliyochoma. Jirani yangu, mfanyabiashara aliyekuwa na gari dogo la binafsi kama langu, alikuwa akienda Dar es Salaam na kurudi kila wiki, mwendo unaokaribia kilomita 700, mbali ya mizunguko ya mjini. Kwa makadirio yangu alitumia si chini ya lita 4,000 kwa mwaka, ambazo kwake zilibeba bima ya shilingi 30 hivi kwa lita. Hatari ya kumgonga mtu haikai kwenye kioo cha gari lililoegeshwa chini ya mkungu. Inakuwa pale gari linapotembea, na inaongezeka kadiri linavyotembea. Mtu anayeendesha kidogo kwa sababu hana fedha ya mafuta anamsaidia kulipa bima yule anayeendesha sana kwa sababu anayo.

Wala mtu hapati nafuu kwa kuendesha kwa uangalifu. Punguzo la kutodai fidia, linalowafaidi wenye bima kubwa, halina nafasi kwenye kiwango cha chini cha bima ndogo. Dereva wa miaka ishirini asiyemgusa mtu hulipa sawa na aliyeanza jana. Nayo bima kubwa, ambayo ingemlipia gari lake mwenyewe, ni vigumu kuipata kwa gari lililokwisha kuzeeka, na watu wa kipato cha chini ndio wenye magari yaliyozeeka.

Nilipoanza kusoma habari za nchi nyingine nilidhani nitakuta wamelimaliza tatizo hili. Marekani inalo kwa sura nyingine. Huko, katika majimbo mengi, kampuni ya bima inaruhusiwa kutazama historia ya mikopo ya mtu na mtaa anaokaa, kisha ikampandishia ada hata kama hajawahi kusababisha ajali, kwa hiyo aliyechelewa kulipa deni la hospitali anaweza kutozwa zaidi kuliko mwenye fedha anayeendesha vibaya. Wananchi wa California walipiga kura Novemba 1988 kupitisha sheria inayotaka ada ipangwe kwanza kwa kutazama rekodi ya uendeshaji, umbali ambao mtu anatembea kwa mwaka, na miaka yake ya uzoefu. Naona walikuwa na haki. Dhuluma ya kwao ni kutazama mambo yasiyohusika na uendeshaji. Ya kwetu ni kutotazama chochote, si umbali, si uangalifu, si uwezo wa mtu kulipa kwa siku moja.

Mwaka mmoja baada ya ajali yangu, hata hivyo, jambo kubwa lilitokea hapa hapa nchini, na nashangaa kwamba watu hawalikumbuki tunapozungumzia bima. Hadi mwaka 2017 kila mwenye gari alikuwa akidaiwa ada ya leseni ya gari kila mwaka, litembee lisitembee. Magari yaliyokuwa yameharibika na kuwekwa juu ya mawe uani yaliendelea kukusanya deni na adhabu, na wako watu waliokuta deni limezidi thamani ya gari lenyewe. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, aliifuta ada hiyo na badala yake ikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Wengi walilalamikia mafuta ya taa kuguswa, na nadhani walikuwa na hoja. Lakini kwa upande wa magari, siku moja ya mwaka ya kutafuta laki na ushee ilitoweka. Anayetembea sana akawa analipa sana, anayetembea kidogo akawa analipa kidogo, na gari lililo juu ya mawe halidaiwi kitu. Kwa nini njia hiyo ilifaa kwa leseni ya gari na haijadiliwi kwa bima ndogo?

Wazo hili si langu. William Vickrey, mchumi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, siku tatu tu kabla ya kufariki, aliandika mwaka 1968 kwamba kulipa bima kwa mwaka kunamfanya mtu asione gharama ya hatari anayoisababisha kila anapowasha gari. Alipendekeza bima ifungwe kwenye mafuta, au hata kwenye matairi, kwa kuwa tairi huisha kadiri gari linavyotembea. Nilipolisoma pendekezo hilo la matairi nilicheka kwa furaha, kwa sababu hapa Tanga hakuna anayehitaji kuelezwa uhusiano wa tairi na kilomita.

Na si nadharia tupu. Afrika Kusini imekuwa ikigharimia fidia ya walioumia barabarani kwa tozo ya mafuta tangu miaka ya 1980, na tangu mwaka 1997 kazi hiyo inafanywa na Mfuko wa Ajali za Barabarani, unaopokea zaidi ya randi mbili kwa kila lita. Namibia ina mfuko wa namna hiyo, na unamhudumia majeruhi bila kusubiri ibainike nani alikosea. New Zealand tangu mwaka 1974 humtibu na kumfidia aliyeumia kutokana na mfuko wa taifa, sehemu yake ikitoka kwenye petroli. Katika nchi hizo mtu wa baiskeli aliyegongwa haulizi kama stika ya aliyemgonga ilikuwa halali.

Najua pingamizi, na baadhi yake nimezipata barazani kwa watu ninaowaheshimu. Wavuvi wa soko la Deep Sea na wa Sahare wanatia petroli ile ile kwenye injini za boti, na boti haimgongi mpita njia. Wakitozwa tozo ya bima ya magari watakuwa wanaonewa kama nilivyoonewa mimi, au zaidi. Mvuvi mmoja, mtu mzima anayeitwa kaka na mtaa mzima, aliniambia, “Mwalimu, usiponye jino lako kwa kung’oa langu.” Sina jibu jepesi kwake, isipokuwa kwamba utaratibu wowote wa kuhamishia bima kwenye mafuta lazima uanze na orodha ya wasiohusika: boti, majenereta, mashine za kusaga, mafuta ya taa. Uanze nayo kabla ya kitu kingine, isije ikawa kiraka cha baadaye. Pikipiki nazo ni tatizo la upande mwingine. Zinatumia mafuta kidogo na zinaumiza watu wengi, kwa hiyo wenye magari wangekuwa wanazibebea mzigo. Hilo mimi binafsi ningelikubali, kwa sababu wanaoendesha pikipiki hizo ndio wasio na kitu, na wao wenyewe ndio wanaovunjika.

Pingamizi zito kuliko yote ni hilo la Afrika Kusini yenyewe. Mfuko wao umeelemewa na madeni kwa miaka mingi, majeruhi wanasubiri, na kiasi kikubwa kimekuwa kikiishia kwa mawakili. Mfuko mkubwa wa fedha za umma usiposimamiwa huwa shimo. Nakiri hivyo bila kuzunguka. Lakini sioni ni kwa namna gani ubovu wa usimamizi wa mfuko unahalalisha ubovu wa utaratibu wa stika, na sisi tayari tumekuwa tukikusanya tozo za mafuta kwa ajili ya barabara na maji.

Kama hatua hiyo ni kubwa mno, iko ndogo inayowezekana upesi. Kulipa kwa mwaka kulikuwa na maana enzi ambapo ushahidi wa bima ulikuwa karatasi ya kubandika kwenye kioo, kwa kuwa hakuna ambaye angeweza kuchapa na kugawa karatasi mpya kila wiki. Sasa stika ni ya kielektroniki. Askari anaingiza namba ya usajili wa gari kwenye simu na mfumo wa TIRA unamjibu hapo hapo kama bima ipo au haipo, na kwa kweli nalishukuru badiliko hilo kwa moyo wote, maana mtu wa chini ya mwembe hawezi tena kufanya kazi yake kama zamani. Malipo nayo yanapita kwenye simu. Shilingi 118,000 ukizigawa kwa siku 365 ni shilingi 323 kwa siku, chini ya bei ya andazi na kikombe cha chai. Dereva anayenunua muda wa maongezi wa siku, umeme wa wiki na maji kwa ndoo angeweza kununua bima ya wiki kwa shilingi 2,260 hivi, fedha ikatangulia na kinga ikafuata kama sheria inavyotaka, bila mtu yeyote kumkopesha mwingine. Sharti liwe kwamba wiki hamsini na mbili zisizidi bei ya mwaka mmoja, kwa maana desturi ya kampuni za bima duniani ni kumtoza zaidi anayenunua muda mfupi, na nyongeza hiyo humwangukia yuleyule asiye na uwezo wa kununua muda mrefu.

Hata hivyo njia ya wiki ina kasoro moja ambayo siwezi kuificha, na ndiyo inayonirudisha kila mara kwenye mafuta. Bima ya wiki inaisha kila wiki. Ikiisha Jumapili usiku na dereva akasahau, au mtoto akaugua, au siku ikawa mbaya asipate abiria, Jumatatu asubuhi anatoka bila kinga. Kwa dereva hilo ni kosa la siku moja. Kwa aliye kwenye baiskeli siku hiyo moja inaweza kuwa ndiyo yenyewe. Bima iliyomo ndani ya lita ya petroli haina tarehe ya kuisha, kwa sababu gari lisilo na mafuta halimgongi mtu.

Katika kikundi chetu tumefanya tunaloliweza. Kila jioni kila mwanachama anatoa shilingi 500, naziandika mbele ya jina lake, na mweka hazina, mama mmoja mwenye genge la mboga hapo kijiweni, anazipokea na kuzihifadhi. Hazigawiwi wala hazikopeshwi kwa jambo lolote isipokuwa bima. Watu kumi na moja kati ya kumi na tisa wamekata bima kwa njia hiyo mwaka huu bila kwenda kwa wakopeshaji. Wawili walijitoa kwa sababu walishindwa kupata hata hizo 500 mfululizo, na sikuwa na moyo wa kuwalaumu.

Yule mzee alifariki mwaka 2021, kwa maradhi ya uzee, nami nilikwenda kuzika. Mwanawe wa kiume ni mmoja wa wale kumi na tisa. Bima yake inaisha tarehe 3 mwezi ujao, na jana jioni nilipojumlisha mstari wake niliona bado amepungukiwa na michango ya siku arobaini. Alinipigia simu leo asubuhi kuniuliza, “Shikamoo Mwalimu, unadhani nikope?” Nimemwambia asikope kwanza, aje kijiweni saa kumi na moja, tukae na wenzake tulifungue daftari.